Njoo Ijumaa

Nina wivu. Nalitanguliza hilo ili msije mkasema niliwaficha. Si wivu wa mume, maana mume sina, wala wa mali, maana jirani zangu nao wanapanga foleni ya maji kama mie. Nilimwonea wivu mwanafunzi wa chuo kikuu kwa sababu ya baba yangu mzazi, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye cherehani yangu na mvi mbili ninazozijua zilipo.

Mie ni mtu wa ndani. Nyumba yetu iko Temeke, vyumba vitatu na uwani, na uwani ndiko iliko cherehani. Wateja wanakuja wenyewe. Nawapima viuno, nasikiliza habari za mjini, wanaondoka, nami nabaki na habari bila kuchoka miguu. Shule nilifika kidato cha nne, na somo nililofeli vibaya kuliko yote ni jiografia. Tangu hapo nimejitahidi nisijihusishe nalo. Sinza nimefika mara moja, kwenye harusi, nikarudi na kichwa kinauma. Tabata naijua kwa kuwa shangazi yangu anakaa huko, na hata huko huwa namwambia aje yeye.

Baba alikuwa fundi seremala Keko, mmoja wa wale wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara hadi mtu anakosa pa kupita. Kutoka kwetu ni dakika chache kwa bodaboda. Kwa miaka kumi na tatu sikukanyaga kwenye banda lake. Chakula chake cha mchana nilikuwa nakipanga kwenye hotipoti, nampa mtu wa bodaboda, na jioni hotipoti inarudi tupu, imeoshwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu makubwa.

Jioni alikuwa akifika getini anakohoa mara mbili. Hiyo ndiyo hodi yake. Anaingia na penseli yake bapa ya useremala sikioni, ananawa, anakaa mkekani, anakula na penseli sikioni. Anauliza kama chumvi ipo. Namwambia ipo. Anasema alhamdulillahi, anakwenda kulala. Tangu mama afariki, miaka sita nyuma, nyumba yetu ilikuwa kimya kiasi kwamba cherehani ikisimama jirani anauliza ukutani kama kuna mgonjwa.

Nami nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Kuna watu warefu, kuna watu weusi, na kuna baba yangu ambaye hasemi.

Halafu Jumamosi moja nikasikia kikohozi mara mbili getini, na nyuma ya kikohozi mtu anacheka.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, miwani puani, raba zimejaa vumbi la mbao, daftari kubwa amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Baba akanitambulisha kwa maneno mengi kuliko niliyokuwa nimeyasikia wiki ile yote. "Mtani wangu huyu," akasema. "Mnyamwezi wa Tabora. Kaja kula."

Sie ni Wazaramo. Kwa asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi hizo mababu zao wanashuka Pwani na mizigo mabegani, na mababu zetu wamekaa barazani wanawacheka. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukuumbua mbele ya wakwe. Anaweza kubeba kuku wako mchana kweupe. Kwenye msiba ndiyo kabisa: watani ndio wanaovaa nguo za marehemu na kumuiga, ili watu wapate pa kuchekea wasije wakazimia. Nawe una haki ya kumfanyia yeye vilevile. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kukasirika. Ukimkasirikia mtani umeshindwa, na faini anaitaja yeye mwenyewe.

Basi yule binti hakungoja kukaribishwa. Aliniamkia vizuri, shikamoo dada, tena kwa kupiga goti kidogo, kisha akapitiliza jikoni akafunua sufuria. Siku hiyo nilikuwa nimepika changu wa nazi. Kichwa cha samaki katika nyumba yetu ni cha baba. Mama alimwekea yeye, na mama alipoondoka nikaendelea mie, miaka sita, sijawahi hata kulamba jicho. Binti akakichukua kile kichwa, akakiweka kwenye sahani yake, akasema Wazaramo wamezidi kula vichwa ndiyo maana vyao havina kazi.

Nilimtazama baba nikingoja amweke mahali pake. Baba akacheka. Si kutabasamu, kucheka, mpaka penseli ikaanguka sikioni. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mama yupo. Nikajua hapohapo kwamba yule mtoto simpendi.

Nilimuuliza anasomea nini. Akasema anthropolojia. Nikamuuliza hicho ni kitu gani. Akasema ni elimu ya watu, jinsi wanavyoishi, wanavyofanya kazi, wanavyozikana. Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa umbea, na hatulipi ada. Akaandika. Akaniambia mwalimu wao amewaonya kwamba watu hawasomwi maktaba. Ukitaka kuwajua mafundi seremala, nenda ukakae nao, miezi, ubebe mbao zao, ule vumbi lao, na usiwe na haraka ya kuuliza. Ndiyo maana kila siku ya Mungu alikuwa anatoka huko chuoni anakwenda Keko, anakaa kwenye benchi la baba, anapiga msasa miguu ya vitanda.

Nikajiambia kimoyomoyo kwamba mie utafiti wa namna hiyo nimeufanya miaka thelathini na minne, nyumba moja, mzee mmoja, na hakuna aliyenipa hata cheti cha mahudhurio.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Wanaingia na mazungumzo tayari yako katikati, yalianzia Keko, na mie naletewa mkia wake. Baba anasema, "Yule wa kabati la milango minne," na wote wawili wanacheka, na mie nikiuliza ni nani, baba anasema, aah, ni mteja tu. Binti akaanza kuniita mtani na mie. Alikuwa akisimama nyuma ya cherehani yangu ananiuliza kama mizizi imeshafika chini, au aniletee mbolea. Mie majibu ya utani ninayo, tena makali, ila yalikuwa yakifika saa mbili baada ya yeye kuondoka. Nilikuwa namjibu nikiwa peke yangu, naosha sahani yake.

Siku moja akaliacha daftari juu ya meza ya cherehani, akaenda getini kupokea simu. Sikulifungua kwa nia mbaya. Nilitaka tu kuona mwandiko. Mwandiko wake ni mzuri, hilo nalo likaniudhi. Ukurasa wenyewe ulikuwa unamhusu baba. Ulisema hivi, nimeukariri: Mzee haongei mikono ikiwa mitupu. Akishika randa anaanza kuongea, akiiweka chini ananyamaza. Ukitaka kumsikia, mpe kitu cha kufanya.

Nilifunga daftari nikakaa nalo mapajani. Nyumbani kwetu baba alikuwa akiletewa maji, akiletewa chakula, akiletewa taulo, akitandikiwa mkeka. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba baba yangu akirudi nyumbani hagusi hata kijiko.

Jumatatu yake nikachukua bisibisi, nikalegeza mwenyewe mguu wa meza ya cherehani hadi ukawa unacheza ngoma. Jioni baba alipomaliza kula nikamwambia meza imeharibika. Akachuchumaa, akaiomba ile bisibisi, akaanza kuutazama mguu. Mie nikakaa kwenye kigoda, kimya, kama nilivyosoma. Nimefeli mitihani mingi maishani lakini huu nilikuwa na majibu mfukoni.

Haikufika dakika tano akaanza. Hakunitazama, anaongea na mguu wa meza.

"Mama yako mara ya kwanza namwona alikuja Keko kuagiza kitanda," akasema. "Cha harusi yake."

Nikamwambia kumbe ndipo mlipopanga.

"Si na mie. Alikuwa anaolewa na mtu mwingine."

Akakaza skrubu moja. Akaniambia kitanda chenyewe ni kilekile cha mninga kilichomo chumbani mwake, ambacho mie nimezaliwa juu yake, na kila mwaka nakiwekea kipande cha boksi chini ya mguu mmoja kwa sababu ni mfupi. Nilitaka kuuliza, nikakumbuka usiwe na haraka ya kuuliza. Akachukua skrubu ya pili. "Sasa mie nikamwambia, njoo Ijumaa," akasema, na midomo yake ikaanza kufanya kile kitu inachofanya kabla ya kicheko.

"Hodi hapa kwa wacheza ngoma," mtu akasema getini.

Jumatatu, jamani. Hata siku yake haikuwa. Alikuwa amepita na mihogo ya kuchoma, ameona asile peke yake. Baba akaweka bisibisi chini ili apokee mihogo, na mikono ikiwa na mihogo haina kazi, ina mihogo. Hadithi ikaishia hapo. Nilikula muhogo mmoja kama ninatafuna yule aliyeuleta.

Sikuvunjika moyo. Nilishaijua njia. Nikapanga Jumapili nilegeze mlango wa kabati la vyombo, bawaba zote mbili, hiyo ni kazi ya saa nzima. Nilikuwa hata nimeshajua nitakaa wapi.

Alhamisi mchana baba alianguka Keko, randa mkononi. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Aliyekuwa naye benchini ni yule binti, aliyempakata kichwa kwenye gari ni yule binti, na aliyenipigia simu kuniambia ni yeye. Hata hilo alilipata yeye. Mie nilikuwa uwani, napindia sare ya shule, nashangaa kwa nini hotipoti inachelewa kurudi.

Tulimzika Ijumaa baada ya swala. Siku ya tatu tukaanua tanga.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Tabata tangu siku ya kwanza akashika usukani wa msiba. Mafundi wa Keko walikuja wote, wamevaa kanzu safi lakini kucha zina vanishi, wakajaa uwani kwetu juu ya mikeka. Mie nilikuwa nimekaa na wanawake. Asubuhi ile nilikuwa nimepekua nguo za baba zilizorudi kutoka hospitali, mifuko yote, pindo zote, natafuta ile penseli. Haikuwemo. Nikajiambia imeangukia Keko kwenye vumbi, imekwenda.

Halafu watani wakaingia chumbani kwa baba, wakakikokota kile kitanda cha mninga hadi uwani, wakakiweka katikati ya watu. Kipande cha boksi kikabaki chumbani, kitanda kikainama upande kama mtu anayesikiliza.

Getini pakasikika kikohozi, mara mbili.

Mie nikageuka kutafuta taulo, nawaambia kweli. Akaingia yule binti. Amevaa kofia ya baba, msuli wa baba, aproni yake yenye gundi, na sikioni penseli bapa. Ileile, nyekundu iliyomenyekamenyeka, yenye alama za meno.

Alitembea kama yeye. Sijui nisemeje. Baba alikuwa na goti la kushoto lililokuwa likimwambia kuhusu mvua, na yule mtoto alilijua lile goti. Akaufikia ule mguu mfupi, akaugonga kwa kidole, akatega sikio. Akapima ubao kwa shibiri, akakosea, akaulaumu ubao. Mafundi wakaanza kutikisika mabega. Kisha akapanda kitandani, akajinyoosha chali, akafumba macho. Mafundi wakapiga makofi, maana kumbe, na hili mie nililijua siku hiyo, baba hakuwahi kutoa kitanda bila kukilalia kwanza yeye mwenyewe, na wakati mwingine usingizi unampitia hukohuko kando ya barabara na mteja amesimama.

Akiwa chali vilevile, akaanza kusema kwa sauti mbili. Sauti ya kike ikauliza, "Fundi, kitanda changu?" Sauti ya baba ikajibu, "Njoo Ijumaa."

Nikajua ni hadithi gani.

Akaisimulia yote. Mteja akaja Ijumaa, akaambiwa vanishi haijakauka. Akaja Ijumaa ya pili, mbao zilikuwa mbichi. Ya tatu, fundi alikuwa na harusi. Ya nne, mguu mmoja bado. Mteja anauliza jamani fundi, mguu mmoja unachukua mwezi? Fundi anasema huu ni mguu mgumu, una mawazo. Mwezi wa nne bwana harusi akachoka kungoja, akaoa Mbagala kwa mwanamke mwenye kitanda cha chuma.

"Sasa fundi, kitanda hiki nikalale na nani?"

Na uwani mzima, mafundi wote wa Keko, wazee na vijana, wakajibu kwa pamoja, "Njoo Ijumaa."

Walikuwa wanaijua. Hata yule wa kupaka vanishi aliyeanza kazi juzi alikuwa anaijua. Watu wanacheka na machozi yanawatoka, na yule binti anagonga ule mguu mfupi anasema kwa sauti ya baba kwamba mguu huu hakuumaliza makusudi hadi leo, maana siku atakayoumaliza yule mwanamke atachukua kitanda chake aondoke.

Nami nimeuwekea boksi miaka yote. Nilikuwa nasema moyoni baba fundi mzuri ila hiki alikiharibu.

Nilisimama. Sikupanga kusimama.

"Shuka kwenye kitanda cha baba yangu," nikamwambia. "Na hiyo penseli uirudishe. Wewe si mtoto wake."

Nimewahi kuona umeme ukikatika katikati ya harusi. Ilikuwa hivyo. Shangazi akageuka taratibu, akanitazama kama anayetazama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Mwanangu," akasema, "umemkasirikia mtani. Kwenye tanga la kaka yangu."

Yule binti akashuka, akavua kofia akaishika kwa mikono miwili. Miwani ilikuwa imemjaa ukungu. Kumbe muda wote ule alikuwa analia kwa ndani akimwigiza. Mzee mmoja wa Keko akasema haya, mtani, taja faini yako, na wengine wakaanza kumpigia hesabu za mbuzi, wakijua mie nafuga kuku watatu tu na wote wana majina.

"Kuku wake siwataki," akasema. "Faini yangu anisimulie mzee alivyokuwa hapa nyumbani. Daftari langu lote ni Keko. Hapa kwao nimekuja kila Jumamosi sikuambulia kitu, mzee anakula na kucheka tu." Akapangusa miwani kwa aproni ya baba. "Halafu mnamwona huyu? Huyu ndiye Mkuu wa Mkoa wa Uwani."

Mafundi wakaguna kwa furaha, kama watu wanaoonyeshwa mtu wa kwenye redio. Nikauliza ni nani huyo Mkuu wa Mkoa. Yule mzee wa Keko ndiye aliyenijibu. Akaniambia kila mchana hotipoti ikifika, baba alikuwa anaita watu, anaweka randa pembeni, anafungua kifuniko, anasema haya tumsikilize Mkuu wa Mkoa leo kasema nini. Ikiwa ni kisamvu, anasema leo ana furaha. Ikiwa dagaa wakavu, anasema leo kuna mteja hajachukua nguo. Na hawakuwahi kumkuta amekosea.

Nilikaa chini. Shangazi akanipa upande wa khanga yake.

Baada ya wiki akaja kudai faini. Nilikuwa nimejiandaa kumpa kwa kijiko, kidogokidogo, na kwa sura mbaya. Alikuja na sketi yake imefumuka pindo, akaomba nimshonee kwa kuwa yuko hapa. Nikaitia kwenye cherehani. Nikaanza na kikohozi, nikaja kwenye chumvi, kichwa cha changu, namna alivyokuwa akikunja kanzu mara nne sawasawa kama anapima ubao, namna alivyokaa na mama hospitali siku tisa akamtengenezea mgonjwa wa jirani kigoda. Mengine sikujua kama ninayo. Nilisimulia, nashona, nasimulia, yeye anaandika na kunyamaza vizuri. Ilipita nusu saa ndipo nikauona ule mguu wangu unakanyaga pedali, na mikono yangu ilivyojaa, na sketi ile ilivyofumuka kwa nyuzi zilizokatwa sawasawa na mkasi.

Nikamwambia amenifanyia kile alichomfanyia baba. Akasema hapana, mzee yeye hakuhitaji mkasi.

Elimu yake yote, nilipoitazama vizuri, ilikuwa ni kukaa. Na kukaa ndiyo kazi ninayoijua kuliko watu wote Temeke. Lakini yeye alitoka kwao akaenda akakaa pale mtu anapofanya kazi yake. Mie nilikaa nikangoja mtu arudi amechoka. Hilo nalisema mara moja tu, na akija hapa nitakana.

Kulikuwa na jambo moja sikumpa. Alipomaliza akauliza kama lipo lingine, nikasema hakuna. Alinitazama kidogo, anajua nadanganya, mwalimu wao lazima aliwafundisha. Akafunga daftari, akainuka, akavaa raba zake. Penseli ya baba ilikuwa sikioni mwake. Siku ya tanga alikuwa ameniambia kwamba alimpokonya baba kiutani, asubuhi ya Alhamisi ileile, na baba akasema haya, chukua, nitajua pa kukupata.

Nikasimama kama ninamsindikiza. Nikanyoosha mkono, nikaichomoa, nikaiweka sikioni mwangu.

Alifungua mdomo. Nikaona uso unabadilika, unataka kukunjamana, unataka kulia, unataka kunirukia. Akaufunga. Kanuni anaijua kuliko mie, ameiandika kurasa kumi na mbili. Alisimama pale getini anameza hasira yake yote, na mie nikamwona ana wivu, wivu mtupu, wa kunionea mie, na Mungu anisamehe, ni siku niliyofurahi kuliko zote tangu msiba uingie.

"Mtani," nikamwambia, "karibu tena Jumamosi. Kichwa cha samaki ni changu."

Akatoa kalamu ya wino, akafungua daftari hapohapo akiwa amesimama, akaandika.

Tasnifu yake imeshapita. Aliniletea nakala, ina jalada gumu, na jina la baba halimo kwa sababu ndivyo kanuni zao zilivyo. Humo anaitwa fundi mzee wa Keko. Mie naitwa binti wa fundi. Nimeisoma yote, na Keko nimekwenda, mara mbili tayari, nikakaa kwenye lile benchi nikapakwa vumbi. Sasa kwa kuwa kitabu kimefungwa na hawezi tena kuongeza kitu, naweza kulisema lile nililomficha.

Nilipokuwa mdogo, kila Ijumaa baba akirudi msikitini alimkuta mama amekaa ukingoni mwa kile kitanda, anakunja nguo. Mama alikuwa anasema bila kuinua macho, "Fundi, leo Ijumaa." Baba anauangalia ule mguu, anaugonga kwa kidole, anasema, "Ijumaa ijayo, mama, inshallah." Kisha wanacheka, na mie sielewi wanacheka nini. Nilidhani kuna mahali wamepanga kwenda na baba anaahirisha. Nilikuwa nawaombea wasiende, maana wangeniambia nivae viatu. Ijumaa ya mwisho aliyokuwa nyumbani, kabla hatujampeleka hospitali, mama hakuweza kukaa, alilala upande wa ukutani, na alilisema vilevile, na baba alimjibu vilevile. Hilo Keko hawalijui. Nilikuwa mlangoni, na taulo mkononi.

Wiki iliyopita yule mzee wa Keko alikuja na randa yake kwenye mfuko wa saruji. Alisema mafundi wamekaa, wameona si vizuri kitanda cha mwenzao kibaki na mguu usiokwisha, na amekuja kuumalizia bure. Nikamkaribisha uwani. Nikampa chai na chapati, nikamuuliza hali za watu wote. Chai ilipokwisha akaulizia kitanda kilipo.

Nikamwambia aje Ijumaa.